Mtu Asiyeguswa na Machozi ya Mwenzake



Katika ukurasa huu wa afya tumezoea kuzungumza juu ya malaria, kuhara, lishe ya watoto na usafi wa maji. Mwezi huu tunaomba tugeukie jambo lisilo na homa wala kidonda, lakini ambalo limeziliza familia nyingi. Tutajifunza juu ya watu ambao wataalamu huwaita sosiopathi au saikopathi, yaani watu ambao kwa miaka na miaka huwadanganya na kuwaumiza wenzao bila kuonyesha kuguswa. Hasa tutataka kujua: ndani ya mtu kama huyo kuna nini? Anahisi kama sisi, au hahisi kitu?

Tuanze na mfano. Mfano huu tumeutunga wenyewe wala si habari ya nyumba ya mtu yeyote, lakini tunadhani wengi wenu mtauelewa upesi.

Mama mmoja mjane anaishi Mombo, pale chini ya mlima. Ana majaruba machache ya mpunga katika skimu ya umwagiliaji, na ana nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe. Mwanawe wa pili ana umri wa miaka 30. Ni mcheshi na hodari wa maneno. Pale stendi, mabasi ya Dar es Salaam na Arusha yanaposimama ili abiria wale chakula, hakuna asiyemjua. Mwaka juzi aliuza magunia ya mpunga ya mama yake, kisha akasema yameibwa. Mwaka jana alipokea fedha za wakulima wa Soni akiahidi kuwatafutia soko la kabichi na matunda mjini, na fedha hizo hazikuonekana tena. Dada yake alipolazwa, hata mchango wa matibabu uliopita mikononi mwake ulifika pungufu.

Alipoitwa kwenye kikao cha ukoo alipiga magoti, akalia, akaomba msamaha mbele ya wazee. Wazee nao walilengwa na machozi. Jioni ile ile alionekana stendi akicheka na kuwanunulia watu soda. Sasa anamtaka mama atoe hati ya nyumba iwe dhamana ya mkopo. Na katika nyumba hiyo hiyo yupo mjukuu wa miaka 7, mtoto wa kijana huyo, ambaye huwatesa kuku na paka, na akichapwa hashtuki.

Mama huyo anajiuliza maswali matatu. Je, mwanangu ana wazimu? Je, hana moyo kabisa? Na je, mjukuu wangu naye atakuwa vivyo hivyo? Tuyajibu moja baada ya jingine.

JE, NI WAZIMU?

Wengi wetu tunaoishi chini ya Milima ya Usambara twaifahamu hospitali ya Lutindi, katika wilaya ya Korogwe. Mahali pale palianzishwa mwaka 1896 na wamisionari Waprotestanti kutoka Ujerumani, kwanza kwa ajili ya watoto waliokombolewa utumwani. Kuanzia mwaka 1904 pakawa mahali pa kuwatunza wagonjwa wa akili, na hospitali hiyo ni miongoni mwa zile za mwanzo kabisa za aina yake katika Afrika Mashariki.

Mgonjwa anayepelekwa Lutindi mara nyingi amepotewa na ukweli wa mambo. Husikia sauti ambazo wengine hawazisikii, huamini kwamba majirani wanamfuata usiku, au huacha kula na kuoga. Mgonjwa huyo anateseka. Dawa humsaidia, na wengi wao hupata nafuu na kurudi kufanya kazi. Tena, wagonjwa wengi wa akili hawamdhuru mtu. Mara nyingi zaidi wao ndio wanaodhuriwa.

Sosiopathi si wa namna hiyo. Hasikii sauti. Anajua leo ni siku gani, anajua fedha ni za nani, anajua sheria inasema nini. Daktari Mfaransa Philippe Pinel alishangazwa na watu wa aina hii tangu mwanzoni mwa karne ya 19, akaeleza juu ya wazimu usio na kuchanganyikiwa. Mwaka 1941 daktari Mmarekani Hervey Cleckley alitoa kitabu kuhusu wagonjwa aliowatibu ambao kwa nje walionekana wazima, waungwana na wenye akili, lakini maisha yao yalijaa uongo na uharibifu. Baadaye Robert Hare, mwanasaikolojia wa Kanada aliyefanya kazi na wafungwa, alitunga kipimo chenye vipengele 20 ambacho wataalamu waliofunzwa hukitumia hadi leo.

Siku hizi madaktari hawaandiki neno “sosiopathi” kwenye cheti. Wao husema kuwa mtu ana hitilafu ya hulka, yaani kasoro katika namna yake ya siku zote ya kuhisi, kufikiri na kuishi na wenzake. Si kitu kilichomwingia juzi. Kwa kawaida dalili zilianza utotoni au katika ujana.

Msidhani kwamba jambo hili ni la Wazungu tu. Mwaka 1976 mtafiti Jane Murphy aliandika juu ya Wayoruba wa Nigeria, aliokaa nao na kuwauliza juu ya magonjwa ya akili. Alikuta wana neno moja la mwendawazimu, na neno jingine kabisa, arankan, la mtu anayefuata njia yake siku zote bila kujali wenzake, mwenye inda na asiyesikia la mtu. Wala hawakuona kwamba mganga anaweza kumponya huyo wa pili. Kumbe wazee wa Kiafrika nao waliona tofauti ile ile ambayo madaktari wanaieleza vitabuni.

Hata sheria yetu inafuata njia hiyo. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 13, humwondolea hatia mtu ambaye kwa ugonjwa wa akili hakuweza kuelewa anachokifanya, au hakuweza kujua kwamba hapaswi kukifanya. Wahalifu wagonjwa wa namna hiyo hupelekwa Isanga, Dodoma. Sosiopathi kwa kawaida anaelewa na anajua. Kwa hiyo hulka yake peke yake haimwondolei wajibu wa matendo yake.

JE, HANA MOYO KABISA?

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Wengine husema, “Yule hana hisia, ni jiwe.” Wengine husema, “Nimeona machozi yake kwa macho yangu, kwa hiyo ameguswa.” Ukweli uko katikati. Hisia anazo, lakini hazikugawanyika kama zetu. Tuzitazame moja moja.

1. Hasira. Hasira anayo, tena mara nyingi ni nyepesi kuwaka, hasa akizuiliwa anachokitaka. Lakini pia anaweza kumdhuru mtu bila hasira yoyote, kwa utulivu, kama mtu anayepiga hesabu ya dukani.

2. Furaha. Hufurahia kushinda, kupata fedha, kusifiwa, na mambo ya kusisimua. Huchoshwa upesi na maisha ya kawaida. Ndiyo sababu wengi wao hawadumu katika kazi, wala hawakai na mpango mmoja kwa muda mrefu.

3. Woga. Hapa panaanza kasoro. Mwaka 1957 mwanasaikolojia Mmarekani David Lykken aliwapa watu kazi ya kubahatisha njia kwa kubonyeza vishikio. Baadhi ya makosa yalileta mshituko mdogo wa umeme. Watu wa kawaida walijifunza upesi kuyakwepa makosa yenye umeme. Masosiopathi walijifunza njia kama wenzao, lakini umeme haukuwafundisha kiasi hicho. Tena walipokuwa wakingoja mshituko unaokuja, miili yao haikutoa jasho kama ya wengine. Watafiti wa miaka ya karibuni wameongeza jambo moja: wakiambiwa waziwazi waitazame hatari yenyewe, woga huonekana. Shida ni kwamba wakishakaza macho kwenye wanachokitaka, ile kengele ya hatari hailii kwa nguvu.

4. Majuto na hatia. Tutenganishe maneno haya mawili. Majuto ni kusikitika kwa kuwa mambo yameniharibikia mimi. Hatia ni kusikitika kwa kuwa nimemwumiza mwenzangu. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2016 ulionyesha kwamba watu wa hulka hii hujuta wanapokosa kitu, tena hujuta sawasawa, lakini majuto hayo hayawaongozi wanapochagua mara ya pili. Hatia ndiyo iliyo haba kwao.

5. Upendo. Wapo wanaofuatana na mke, watoto au rafiki kwa miaka. Lakini mara nyingi upendo huo hauna kina. Unafanana na ule wa mtu na baiskeli yake: huipenda, huitunza, hukasirika ikiguswa na mwingine, lakini haulizi baiskeli inajisikiaje.

6. Huruma. Huu ndio moyo wa somo letu. Huruma ina sehemu mbili. Ya kwanza ni kujua: ninatambua kwamba wewe una huzuni. Ya pili ni kuguswa: huzuni yako inanichoma na mimi. Kwa wengi wetu mambo haya huja pamoja bila kuitwa. Mtoto wa jirani akiangua kilio, tumbo la mama hushtuka kabla hajajua kuna nini. Sosiopathi anajua, wakati mwingine kuliko sisi, kwa maana amejifunza kuwasoma watu ili apate anachokitaka. Kuguswa ndiko kunakokosekana.

Hapa tuongeze neno kwa wazazi wenye watoto wenye usonji. Mtoto mwenye usonji anaweza kushindwa kutambua uso wa mtu mwenye huzuni, lakini akishatambua huguswa, tena wengine huguswa sana. Hali hizi mbili ni tofauti. Tusimwite mtoto mwenye usonji mkatili kwa sababu hatutazami usoni.

UBONGO UNAFANYAJE KAZI?

Ndani kabisa ya ubongo, kila upande, kuna sehemu ndogo yenye umbo la lozi iitwayo amigdala. Kazi yake mojawapo ni kutushtua tuonapo hatari, na pia tuonapo uso wa mtu mwenye hofu. Katika tafiti nyingi sehemu hii imeonekana kuitikia kwa unyonge kwa watu wa hulka tunayoizungumzia. Hata maneno hayana uzito ule ule kwao. Kwa watu wa kawaida, neno kama “kifo” au “mama” huamsha ubongo upesi kuliko neno kama “meza”. Robert Hare na wenzake walionyesha mwaka 1991 kwamba kwa wafungwa wa hulka hii tofauti hiyo ni ndogo mno. Ni kama mtu anayejua maneno yote ya wimbo lakini sauti yake haisikii.

Utafiti mwingine ulifanyika Uholanzi ukachapishwa mwaka 2013. Wahalifu wa hulka hii walionyeshwa filamu fupi za mkono wa mtu ukipapasa, ukipiga au ukiusukuma mkono wa mwingine. Walipotazama tu, sehemu za ubongo zinazopokea maumivu ya mwenzetu hazikuamka kama za watu wengine. Kisha waliambiwa, “Sasa jaribuni kuhisi anavyohisi huyu.” Hapo ubongo wao ukaamka, ukakaribia sana ule wa watu wa kawaida.

Tukumbuke matokeo haya, maana yanajibu swali la mama wa Mombo. Mlango wa huruma wa mwanawe haukuzibwa kwa ukuta. Umefungwa, na yeye haufungui ila anapotaka au anapoambiwa. Kwetu sisi mlango huo uko wazi mchana kutwa. Kwake, machozi ya mwenzake hayaingii bila kuitwa.

Je, yale machozi ya kikaoni yalikuwa ya uongo? Huenda hayakuwa ya uongo wote. Labda alisikitika kweli kwa aibu iliyompata, au kwa hofu ya kunyimwa kitu. Lakini machozi ya mtu aliyeshikwa si lazima yawe machozi ya mtu aliyeguswa. Ndiyo sababu jioni yake aliweza kucheka.

INATOKA WAPI?

Hakuna sababu moja. Sehemu yake huzaliwa na mtu. Watafiti wa Uingereza waliochunguza mapacha wa miaka 7 walieleza mwaka 2005 kwamba ile hali ya ubaridi na kukosa huruma kwa watoto inatokana na urithi kwa kiasi kikubwa, kama theluthi mbili za tofauti kati ya mtoto na mtoto. Lakini urithi si hukumu. Kipigo, kutelekezwa, kushuhudia mateso nyumbani na malezi yasiyo na upendo huongeza hatari. Pombe na madawa ya kulevya huchochea moto uliokwisha kuwaka.

Kwa hiyo si haki kumnyoshea kidole mama na kusema, “Ndivyo ulivyomlea.” Wala si haki kusema amerogwa, kwani neno hilo humtafuta mchawi miongoni mwa majirani wasio na kosa, likaongeza msiba juu ya msiba.

Watu wa hulka hii ni wangapi? Makadirio yaliyotoka hasa Ulaya na Amerika ya Kaskazini ni kama mtu 1 kati ya 100, na magerezani huwa wengi zaidi. Wengi wao si wauaji. Ni watu wa uongo, wa madeni, wa ndoa zilizovunjika na wa ahadi zisizotimizwa.

MJUKUU JE?

Sasa tufike kwa yule mtoto wa miaka 7. Kwanza, tusimpe jina. Wataalamu hawaruhusu kumwita mtu sosiopathi kabla hajatimiza miaka 18. Watoto wengi huwatesa wadudu na wanyama kwa utundu wakaacha. Lakini mtoto anayerudiarudia, anayeiba, anayedanganya na kuumiza wenzake bila kujuta, anahitaji msaada mapema. Samaki mkunje angali mbichi.

Katika mambo haya kiboko hakisaidii. Tumeona kwamba adhabu haimfundishi mtu wa namna hii kama inavyowafundisha wengine. Mtoto ambaye kengele yake ya woga hailii, ukimchapa leo na kesho na keshokutwa, anachojifunza ni kwamba mwenye nguvu humpiga mnyonge. Methali yetu husema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, lakini huyu hata ulimwengu humshinda kumfunza kwa mateso.

Kinachosaidia ni hiki:

(a) Sifa na zawadi ndogo. Mtoto huyu huongozwa zaidi na kupata kuliko na kuogopa. Akimpa kuku maji bila kumtesa, asifiwe pale pale. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2016 ulifuatilia watoto walioasiliwa wakiwa wachanga, ambao baadhi ya mama zao wa kuwazaa walikuwa na tabia nzito za kuvunja sheria. Watoto hao walikuwa katika hatari ya kurithi ubaridi. Lakini pale mama mlezi alipowasifu na kuwatia moyo mara kwa mara, hatari hiyo ilipungua sana.

(b) Macho kwa macho. Watafiti wa Australia waliona mwaka 2006 kwamba watoto wa hali hii hushindwa kuitambua hofu katika uso wa mwenzao kwa sababu hawaangalii macho. Walipoambiwa tu, “Angalia macho,” waliitambua. Kwa hiyo mama achuchumae, amshike mtoto kwa upole, amwambie: “Mwanangu, mtazame dada yako machoni. Unaona nini? Ameumia wapi?” Afanye hivyo kila siku, bila kelele. Huko ndiko kuuita mlango ufunguke.

(c) Sheria chache zisizobadilika. Akivunja, akose kitu anachokipenda, siku ile ile, bila matusi.

(d) Msaada wa nje. Mwalimu, ofisa wa ustawi wa jamii na mganga wa kituo cha afya washirikishwe, na ikibidi mtoto apelekwe hospitali ya wilaya au ya mkoa. Mtoto anayeteswa, au anayewatesa wengine, anaweza kuombewa msaada kwa simu ya watoto namba 116.

Hata kwa vijana waliokwisha kuharibika sana tumaini lipo. Huko Wisconsin, Marekani, kituo cha vijana wahalifu kilichofunguliwa mwaka 1995 hutumia matibabu ya karibu ya kila siku, na ukorofi wa vijana waliopitia humo ulipungua kuliko wa wenzao waliofungwa kawaida tu.

FAMILIA IFANYE NINI KWA MTU MZIMA?

Hakuna kidonge cha kumpa mtu huruma. Mazungumzo na mtaalamu, na kuachishwa pombe na madawa ya kulevya, huwasaidia baadhi, hasa wakiona faida yake kwao wenyewe. Lakini familia isingoje siku hiyo bila kujilinda.

1. Pimeni kwa matendo, si kwa machozi. Anayetubu kweli hurudisha alichochukua. Mwekeeni muda: mwezi huu gunia moja, mwezi ujao la pili. Mtaona wenyewe.

2. Andikeni. Makubaliano ya ukoo yaandikwe na yatiwe saini mbele ya mashahidi, na kila mmoja abaki na nakala. Mtu hodari wa maneno hushinda kwa maneno, lakini karatasi haibembelezeki.

3. Zungumzeni ninyi kwa ninyi. Mara nyingi kila ndugu ameambiwa hadithi yake peke yake. Mkikaa pamoja mkalinganisha, uongo huonekana.

4. Lindeni mali. Hati ya nyumba, kadi ya benki na namba ya siri ya simu visiwe mikononi mwake. Kwa wenye ndoa, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, humkataza mume au mke kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake.

5. Pakiwa na kipigo au vitisho, tafuteni usalama kwanza. Sheria hiyo hiyo, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake. Nendeni kwa mwenyekiti wa kitongoji, ustawi wa jamii, au dawati la jinsia na watoto polisi.

6. Ongeeni naye kwa lugha ya faida. Kumwambia “unamwua mama yako” hakumfikii. Kumwambia “ukilipa, utakula hapa, usipolipa, tutakwenda polisi Jumatatu” kunamfikia. Kisha Jumatatu mwende kweli.

Wengi hutuuliza: na msamaha je? Sisi Wakristo tumefundishwa kusamehe, wala hatuliondoi fundisho hilo. Lakini kusamehe ni kuacha kisasi. Si kumrudishia mtu funguo za ghala. Mama anaweza kumsamehe mwanawe kwa moyo wote, akamwombea, akampa chakula, na bado hati ikabaki mahali salama. Huko si kukosa upendo. Anamlinda hata mwanawe asitende ubaya mwingine.

TAHADHARI

Tunawaomba, msisome makala hii kisha mkatoka kwenda kuwabandika watu jina. Kijana mmoja kuiba mara moja, mume mwenye hasira, binti mkaidi, mtu asiyelia msibani: hao si masosiopathi kwa sababu hiyo. Wengine hawalii kwa kuwa huzuni imewazidi. Wengine walikuwa watu wema wakabadilika baada ya kuumia kichwa, kwa mfano katika ajali ya pikipiki. Hao wapelekwe hospitali haraka. Uamuzi ni wa mtaalamu, baada ya kuchunguza maisha yote ya mtu. Kazi yetu sisi ni kutazama tendo, kulizuia lisirudiwe, na kuwalinda wanyonge.

KWA KUMALIZIA

Turudi kwa mama wa Mombo. Mwanawe hana wazimu. Moyo anao, lakini moyo huo hauguswi na kilio cha mama bila kuitwa, na yeye mtu mzima ndiye mwenye kuchagua kuuita. Mama hawezi kuchagua badala yake, hata akilia usiku kucha. Basi aifunge hati na aandike makubaliano, na nguvu zilizobaki azipeleke kwa mjukuu, ambaye bado yu mikononi mwake. Jioni, wanapofungia kuku, amwite, amketishe karibu, amwulize, “Leo nani alifurahi kwa sababu yako?”

Maswali ya kujadili nyumbani au katika jumuiya:

1. Kuna tofauti gani kati ya kujua kwamba mwenzako anaumia na kuguswa na maumivu yake?

2. Katika nyumba zetu, je, tunawasifu watoto mara nyingi kama tunavyowakemea?

3. Tunawezaje kumsaidia mama au mke anayeumizwa bila kumlaumu yeye?

Hadi toleo lijalo, tunawatakia afya njema ya mwili na ya nafsi.